Gunia Nililompa Mkwe Wangu

Bonde letu, lile lililo chini ya migomba, si kubwa. Ukisimama ukingoni ukamwita mtu aliye ng'ambo, anakujibu bila kupaza sauti. Mume wangu alipokuwa hai tulipanda humo magimbi. Alipofariki, na miaka michache baadaye mwanangu mkubwa naye akafariki, bonde likabaki mikononi mwangu, na watu wawili wakawa wanalitazama. Mmoja ni mwanangu mdogo, aliyejenga kule karibu na barabara, aliyetaka kulima nyanya na kabichi za kupeleka sokoni Nkwenda. Wa pili ni mkwe wangu, mjane wa yule mkubwa, ninayeishi naye hapa hapa nyumbani Isingiro pamoja na binti zake wawili.

Mkwe wangu alitaka kuchimba bwawa afuge samaki.

Nilicheka. Nikamwambia, "Samaki wanatoka ziwani. Bondeni kunatoka magimbi na malaria."

"Kwetu Bugene kuna mtu anafuga, Mama," akasema. "Anawavua kama unavyochuma mchicha."

Si mwanamke wa maneno mengi. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikuwahi kumwambia. Alisema jambo moja tu lililonishika: kwamba tangu baba yao afe, binti zake wanakula ndizi na maharage, kesho maharage na ndizi, na yeye hataki kuzunguka akiomba kitoweo kwa watu. Basi nikampa bonde, lakini kwa sharti, na sharti nikalisema mbele ya mwanangu mdogo ili asije akasema hakusikia. Kahawa ikivunwa mara mbili na samaki hawajafika sahanini, bwawa linafukiwa na bonde analichukua shemeji yake.

"Mara mbili," nikasema.

"Mara mbili, Mama," akaitikia.

Mwanangu mdogo akacheka. "Shemeji, mimi mbegu za kabichi nitazisia kabisa, siku isije ikanikuta sijajiandaa."

Alichimba kwa jembe na koleo. Wanawake wa kwaya ya kanisani walikuja Jumamosi mbili wakamsaidia kubeba udongo, nami nikawapikia, kwa sababu hata kama sikuamini lile bwawa, mtu aliyetoka jasho kwangu haondoki na njaa. Vifaranga vya sato vililetwa kwa bodaboda, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa maji na hewa ikavimba kama kibofu cha ng'ombe. Akaiweka mifuko juu ya maji, hakuifungua. Akakaa kando anaingoja.

"Unawafungia ili iweje?" nikamkaripia. "Wafungulie, watakufa!"

"Wazoee kwanza baridi ya maji, Mama."

Nilijiambia, kumbe huyu anajua anachofanya. Ningeshikilia mawazo hayo, nisingesimulia haya.

Sasa nieleze habari ya mahindi.

Nimelelewa kwamba mahindi mabovu hayatupwi. Mama yangu alituchemshia visiki vya migomba mwaka mmoja wa njaa, nikala, na mtu aliyekula kisiki cha mgomba hawezi kuona chakula kinatupwa akalala. Kwa hiyo kila mavuno nakaa uani, mguu mmoja nimeukunja na mwingine nimeunyoosha, nachambua. Mazuri huku, ya ugali. Yaliyoliwa na wadudu kule. Yaliyoota ukungu pembeni kabisa, ya mifugo. Sijui kusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini kuchambua nafaka hakuna wa kunifundisha. Wanawake wa hapa walikuwa wakiwaambia binti zao, nendeni mkamtazame bibi yule anavyochambua. Nilikuwa nalisikia hilo na linanipendeza.

Mwaka ule mvua ilitukuta tunavuna. Mahindi tulianika chini, kwenye udongo, mvua ikija tunayakusanya mbio, jua likitoka tunayatandaza tena, yakaingia ndani bado yana unyevu. Nilipokuja kufungua magunia yalikuwa na joto kama mtu mwenye homa. Nikachambua. Ya ukungu yalikuwa mengi, mengine ya kijani, mengine kama yamepakwa vumbi la njano, nikajaza gunia zima. Nguruwe nilikuwa nimeuza. Nikawaza, si kuna samaki?

Nikayapeleka mashineni yakaparazwe, yavunjwe chenga chenga. Kijana wa mashine alitia mkono akanusa, akakunja uso.

"Bibi, haya ya kuku?"

"Ya samaki."

"Haya basi. Samaki hawana pua."

Tulicheka wote wawili.

Nikalipeleka gunia hadi mlangoni kwa mkwe wangu, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Sisi huku mama mkwe akikupa kitu kwa mikono miwili, unapiga goti unapokea, na hukichunguzi mbele yake. Alipiga goti. Akashukuru. Mimi nikaondoka nimeridhika, nikijiona nimemsaidia mjane, na mahindi yangu hayakupotea.

Tangu hapo alikuwa akichanganya paraza ile na pumba na dagaa waliosagwa, anarusha asubuhi na jioni. Mwanzoni samaki walikuwa wakipanda juu maji yakichemka kwa vinywa vyao, na binti zake wakipiga kelele za furaha. Baadaye wakawa hawapandi. Wakawa wanaelea kando kando kama watu wazito wa usingizi. Kisha wakaanza kufa, leo mmoja, kesho wawili, tumbo juu. Kahawa ilipovunwa mara ya kwanza bwawani hakukuwa na kitu cha kupika. Waliobaki walikuwa hawazidi kidole changu.

Akasema, "Bado najifunza, Mama." Akaenda tena Bugene kuleta vifaranga vingine. Na kwenye mavuno ya mahindi yaliyofuata mvua ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, nami nikampa gunia jingine, na la tatu nikaliweka kwangu akiba yake.

Wakafa tena.

Sitajificha, nitayasema niliyomwambia. Nilimwambia ni mvivu. Nilimwambia mtu anayelisha samaki huku anawaza mengine, samaki wanajua. Siku moja nilimwambia mbele ya wageni waliotoka ibadani kwamba bwawa lake ni kaburi la maji. Watu wengine walikuwa wanasema limewekewa mkono, kwamba jirani ameona wivu akamwaga sumu, wakamtaja na jirani. Nikawakemea, kwa sababu yule jirani namfahamu, hawezi hata kumfukuza kuku wa mtu. Hilo nililifanya vizuri. Lakini neno la kumtetea yule aliyekuwa anashinda bondeni na matope magotini sikulisema.

Mwanangu mdogo naye alikuwa akipita. "Shemeji, kabichi zangu zinauliza zihamie lini?"

"Ziambie zingoje," mkwe wangu alimjibu. "Kahawa bado mbichi."

Alikuwa anacheka anapojibu hivyo, lakini nilimwona baadaye amesimama kwenye mibuni yetu, ameshika tawi, anatazama punje. Zilikuwa zinaanza kubadilika rangi.

Ndipo akaenda mwenyewe wilayani kumtafuta mtaalamu wa samaki, bila kuniaga. Akaja binti mmoja kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani, viatu vya mpira. Akaniamkia vizuri, shikamoo Bibi, nikaitikia marahaba, nikawafuata hadi bondeni kwa sababu nilitaka kusikia mkwe wangu akiambiwa makosa yake.

Yule binti alipima maji kwa vichupa vyake, akasema maji hayana neno. Akaomba samaki mmoja aliye taabani. Akamlaza kwenye jani la mgomba, akampasua tumbo kwa wembe, akafungua kwa vidole. Mimi nimepasua samaki wengi, wa kununua, nalijua ini lao lilivyo. Hili lilikuwa limepauka, njano njano, lina vidoa. Akampasua wa pili. Hivyo hivyo.

"Mnawalisha nini?" akauliza.

Mkwe wangu akaleta ndoo. Yule binti akachota kiganjani, akanusa, akasambaza kwa kidole.

"Sitaki kusema kabla ya kipimo," akasema. "Nitachukua kidogo kikapimwe. Lakini haya mahindi yaliota ukungu. Kuna ukungu unaotoa sumu, tunaita sumukuvu. Inakaa ndani ya punje. Samaki anakula, ini linaharibika, hakui, anadhoofika, anakufa. Na anayemla huyo samaki naye anajiweka hatarini. Msile wala msiuze hata mmoja mpaka nitakaporudi."

"Hata nikiosha mahindi?" mkwe wangu akauliza. "Nikayaanika tena juani?"

"Kuosha hakuondoi. Kuanika tena hakuondoi, kusaga hakuondoi, kupika hakuondoi. Ukungu unaweza usiuone tena, sumu ikawa ipo."

Mkwe wangu akainamisha macho. Nililiona hilo, sikulielewa.

"Na kuku?" mimi nikauliza.

"Hata kuku, Bibi. Hata sisi wenyewe. Ya ugali mnayatoa wapi?"

"Ya ugali nayachambua mimi. Mazuri matupu."

"Yalikaa gunia moja na hayo mabovu?"

Yalikuwa yamekaa gunia moja. Na kuku wangu, niliokuwa nawarushia punje hizo hizo, walikuwa wameacha kutotoa tangu mwaka jana, na mimi nilikuwa namlaumu kicheche.

Halafu akauliza lile swali. Alimwuliza mkwe wangu, kalamu mkononi, hana nia mbaya, "Mahindi haya mlipata wapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mkono wangu ungeweza kumgusa bega. Mkwe wangu hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Nilinunua Nkwenda. Sikuyaangalia vizuri."

Yule binti akaandika. Akamwambia, kwa upole lakini akamwambia, kwamba mfugaji anapaswa kufungua gunia kabla ya kununua, kwamba uzembe mdogo unaua bwawa zima. Mkwe wangu akasema, "Ndiyo. Ni kosa langu."

Na mimi nikanyamaza. Bibi wa kuchambua, anayetazamwa na binti za watu. Nilisema moyoni, nitasema akishaondoka. Akaondoka, sikusema. Tukapanda kilima, yeye mbele na ndoo yake tupu, mimi nyuma. Akaenda jikoni akamenya ndizi. Nikaingia kwangu nikaketi kitandani na kitambaa changu kichwani, sikukivua.

Siku zile za kungoja kipimo nilijifunza kwamba kunyamaza kuna kazi yake. Kila nikikutana naye uani nilitafuta cha kumkaripia, nikikosa, nilikwenda shambani kung'oa magugu yasiyokuwepo. Alikuwa ameacha kuwapa samaki ile paraza. Anawakatia majani laini, anawapa mashudu ya alizeti aliyokopa kwa mama mmoja wa kwaya. Wachache walikuwa wamebaki. Gunia la tatu lilikuwa kwangu, kona ya chumba. Nilikuwa nalipita nikienda kulala.

Kahawa ikaiva. Tukaanza kuchuma.

Siku simu ilipopigwa tulikuwa tunageuza kahawa kwenye mkeka. Alisikiliza, akasema asante, akaiweka simu kwenye upindo wa kitenge.

"Wamepima," akasema. "Ni sumukuvu, na ni nyingi."

"Wamesema imetoka kwenye nini?"

"Wamesema ni chakula, Mama."

Chakula. Hata tulipokuwa wawili tu, na kahawa kati yetu, hakusema mahindi yako.

Kesho yake asubuhi mwanangu mdogo akaja na kamba na mzigo wa vigingi vya mikaratusi begani. Tulikuwa tumemaliza kuchuma. Sharti lilikuwa sharti, na mimi mwenyewe ndiye niliyeliweka. Alituamkia, akaniuliza kama nimeamka salama, kisha akageukia bondeni.

"Shemeji, usinichukie," akasema. "Kila mtu alisikia. Napima leo, kufukia tutafukia taratibu, hata samaki wako utawatoa kwanza."

"Hao si samaki wa kula wala kuuza," akasema mkwe wangu. "Chukua kamba yako ukapime."

Alikuwa amekwisha kukubali. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge, mara mbili, mara tatu, mikono isiyo na kitu. Binti zake walikuwa wamesimama mlangoni.

Nikasema, "Hakuna anayepima."

"Mama, ulisema mwenyewe—"

"Nilisema. Sasa nasema tena, na wewe sikiliza, na hawa watoto wasikie. Samaki wa shemeji yako niliwaua mimi."

Akacheka. Alidhani natania, na mimi si mtu wa utani.

"Mahindi yaliyooza yalitoka kwangu," nikasema. "Mimi niliyachambua, mimi niliyapeleka mashineni, mimi nilimpa. Mara mbili. Hakununua Nkwenda. Yule mtaalamu alipomwuliza, akasema uongo kunifunika, nami nikasimama nikafunikwa."

Mwanangu mdogo alitua mzigo chini. "Mama, kwa hiyo wewe ndiye uliyemwaga sumu? Watu walikuwa wanamtaja jirani!"

"Ndiyo mimi. Nenda ukawaambie hivyo hivyo, jirani asafishike."

"Ee, Mama," akasema. "Ee, Mama jamani." Akakaa juu ya mzigo wake wa vigingi. Alitaka kucheka tena, akaona uso wangu, akaacha. Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo sharti?"

"Sharti lilikuwa la mtu anayefuga samaki. Huyu alikuwa anafuga samaki mimi namuulia. Miaka hiyo miwili siihesabu. Bonde ni lake, na sina sharti jingine. Wewe nitakupa ile sehemu ya juu, karibu na mibuni. Kabichi haihitaji bonde, inahitaji mtu anayemwagilia."

"Kule juu maji nitabeba kwa kichwa?"

"Una kichwa."

Binti mdogo wa mkwe wangu akacheka mlangoni, dada yake akamfinya. Mwanangu mdogo alinung'unika kama wanaume wanavyonung'unika wakishindwa na mama zao, akabeba kamba yake akaenda kupima kule juu, na vigingi akaacha nusu, akisema niamue mwenyewe vya kazi gani. Nimeviamulia. Vimesimamisha uchanja wa kuanikia mahindi, juu ya ardhi, na turubai la kufunika mvua ikija.

Mkwe wangu alirudi kwenye mkeka wa kahawa. Aliinama akaendelea kugeuza kahawa iliyokuwa imekwisha kugeuzwa.

Jua lilipopungua makali nikaingia kwangu nikaliburuta lile gunia la tatu. Alinisikia, akaja, akashika pembe mbili za chini bila kuulizwa. Yule binti wa wilayani alikuwa amesema yasipewe kuku, yasimwagwe njiani, yafukiwe chini sana. Tukaenda nyuma ya choo cha zamani. Nilichimba mimi. Alitaka kuchukua jembe, nikamkatalia, naye akaniacha. Si shimo la kuchimbwa na mwingine.

Nilipofungua mdomo wa gunia, harufu ilitoka. Nzito, kama nguo zilizosahauliwa zikiwa mbichi. Nilikuwa nimelala na harufu ile chumba kimoja miezi mingi, na sikuwa naisikia.

"Yananuka," nikasema.

"Yalinuka tangu siku ile, Mama."

Nikaacha jembe nikamtazama.

"La kwanza niliosha," akasema. "Nikaanika kwenye mwamba kule juu, usipopita. Nikaosha tena. La pili nilichagua usiku na mchana chenga zilizoonekana safi. Nilidhani nimelisafisha."

"Ungesema."

"Ulinipa kwa mikono miwili."

"Hata hivyo ungesema. Una mdomo."

Alikuwa ameshika gunia kwa mikono yote miwili, mdomo wa gunia umeelekezwa shimoni, bado hajalimimina.

"Ningesema, Mama, ungenisikiliza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimeishi miaka mingi, najua watu wanavyosema ndiyo mahali kama pale. Nilifikiri vile nilivyoondoka mlangoni pake siku ile nimeridhika. Nilifikiri kaburi la maji.

"Hapana," nikasema. "Nisingekusikiliza."

Akatikisa kichwa kukubali, bila ubaya, kama mtu aliyethibitishiwa bei aliyokuwa anaijua. Akainua gunia akalimimina lote, akalikung'uta hadi kwenye mishono, nami nikaanza kufukia.